Mfarishi Ulioteleza Juu ya Mbavu za Mama

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
24 Machi 1982

Mpendwa mdogo wangu Clotilda,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji Marcelino na wanangu wawili. Natumaini homa ya Agnesi imekwisha, na kwamba baridi ya Arusha uliyoilalamikia katika barua tatu mfululizo bado haijakuua. Ukitaka kujua hali zetu, mimi mwili wangu ni mzima. Mama si mzima. Nitafika huko, usiwe na haraka. Mambo ya mama hujawahi kuyafanyia haraka, basi tusalimiane kwanza kama watu waliolelewa.

Mvua za masika zimeanza, na maji ya Msimbazi yamekwisha kuingia kwenye nyumba za bondeni. Sabuni imeadimika tena. Mjumbe wetu wa nyumba kumi akitangaza kwamba duka la ushirika limepata, tunawahi kupanga foleni, na wenye kazi zao wanaacha jiwe likae badala yao. Juzi mawe yalikuwa mengi kuliko watu, na sabuni ikaisha kabla jiwe langu halijasogea.

Sasa habari yako kubwa. Mfarishi wako umekwisha. Umekwisha tangu mwezi wa pili, nami nimekaa nao mwezi mzima nikiutazama. Unafunika kitanda cha futi tano mpaka karibu na sakafu: viraka vya vitenge juu, kaniki chini, sufi katikati, na maua ya uzi mweupe nimeyazungusha kote kama ulivyonichorea. Mama mkwe wako akija Pasaka ataupapasa na kujua kwamba mwanawe hakuoa kwa watu wasio na mikono.

Kwa kuwa wewe hukupata kukaa kwenye cherehani hata siku moja, maana ulikuwa unasoma na sisi tukakuachia usome, nikueleze kazi hiyo ilivyo. Usiseme dada ananipigia hadithi. Bila kulielewa hili hutayaelewa yaliyobaki. Ukitaka kushona maua ya namna ile, unayateremsha yale meno ya chini ya sindano yanayovuta kitambaa. Ukishayateremsha, cherehani haikuvutii tena kitu. Sindano inapiga palepale, na mikono yako ndiyo inayosukuma kitambaa huku na huku. Nguo nyepesi inakwenda. Mfarishi uliojaa sufi unagoma mezani, na ukiuvuta kwa nguvu sindano inapinda na kukatika. Sindano moja nimeitafuta wiki mbili Kariakoo nzima.

Kwa hiyo fundi lazima atafute cha kutelezesha. Mzee Mwinyimvua, aliyenifundisha kazi, alikuwa akisugua meza kwa kipande cha sabuni kavu. Sabuni ilipokosekana akasugua mshumaa. Mshumaa nao ulipopotea akanyunyiza poda ya watoto, mpaka poda ikawa ya wenye ndugu madukani. Mikononi tunavaa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, tumevishona vikavalika vidoleni, ili mkono ushike kitambaa wakati meza inakiachia. Lakini kinachoshinda vyote hivyo ni picha ya eksirei. Unachukua ile filamu, unaitoboa tundu la kupitisha sindano, unaibandika juu ya meza ya cherehani, na kitambaa kinakwenda chenyewe. Hakuna fundi wa barazani hapa asiyelijua hilo.

Zangu nilikuwa nazipata kwa Rajabu, anayefagia kwenye hospitali moja ya hapa mjini. Zile kuukuu za wagonjwa wasiofuatilia zilikuwa zikitupwa, naye anatuletea. Nimeshonea juu ya magoti ya watu na viuno vya watu, hata taya la mtu mmoja lililobaki na meno matatu, na sijawahi kujiuliza ni nani. Filamu hudumu kama miezi miwili. Baada ya hapo tundu linapanuka, linachanika, na kuanza kukata uzi.

Sasa mama. Unakumbuka mwanzoni mwa mwaka nilikuandikia kwamba hospitali ya misheni kule nyumbani Mbinga wameona kitu kifuani mwake, na wanataka aende kwenye hospitali kubwa. Nilikuomba umpokee wewe, kwa sababu kila mtu anasema hospitali ya huko kwenu vifaa bado inavyo, na wewe una vyumba vitatu. Ulinijibu kwamba wakwe wanakuja Pasaka, kwamba mama anatema mate ovyo, na kwamba shemeji ana cheo sasa. Barua hiyo ninayo. Upande wa pili wa karatasi hiyohiyo ndipo ulipochora maua ya mfarishi.

Basi akaja kwangu, kwenye chumba kimoja. Alisafiri siku tatu na vitu viwili kutoka misheni: barua ya daktari yenye mhuri, na bahasha kubwa ya kaki yenye picha ya kifua chake. Bahasha hiyo aliipakata safari nzima isije ikakunjika. Kila aliyekaa karibu naye kwenye basi alionyeshwa. Alipofika kwangu, kabla hajaniuliza hali, aliitoa akaiinua juani nione mbavu zake. Alikuwa anaona fahari. Alisema hajapigwa picha tangu siku ya arusi yake.

Siku ya kuonana na daktari ilikuwa tarehe mosi Machi. Daktari wa vifua huja mara moja kila miezi mitatu na hukaa wiki moja tu, kwa hiyo tulikuwa na wiki tano za kungoja. Mama alikaa nami barazani akinichambulia sufi na kukohoa. Sitara, mama mwenye nyumba wetu, Mzaramo wa hapahapa, alimletea uji kila asubuhi bila kuombwa, akimwita shoga yangu. Mama alikuwa ameanza kunenepa kidogo mashavuni.

Barua yako ya tatu ilifika katikati ya mwezi wa pili. Uliandika hivi, "Dada, au kazi imekushinda, nimtafute fundi wa huku?" Siku ileile filamu yangu ilikuwa imechanika vipande viwili. Nikamwita Rajabu. Akaniambia, "Dada Bene, siku hizi hazitupwi. Mpya hazijaingia tangu Krismasi, kwa hiyo hata kuukuu wanazing'ang'ania." Maneno hayo niliyasikia kwa masikio haya mawili na sikuyafikiria hata kidogo. Nilikuwa nawaza meza yangu.

Hebu nikuambie nilivyowaza, maana kosa liko hapo. Mimi na wewe tumekuzwa na barua. Bila barua ya balozi hupokelewi ugenini, bila barua ya katibu hupati nafasi ya shule, na hata kwenda msibani mfanyakazi anadaiwa barua. Hapa kwetu chenye mhuri ndicho chenye nguvu. Barua ya misheni ilikuwa na mhuri na saini, nami niliifunga kwenye nailoni mara mbili nikaifungia sandukuni. Picha haikuwa na mhuri wowote. Nikasema moyoni, daktari wa misheni ameshaitazama, na alichokiona ameshakiandika, sasa imebaki ya ukumbusho tu. Nikaona mama nitamwambia baadaye, tukishapata dawa, na tutacheka pamoja.

Mama alipokwenda kuoga niliitoa kwenye bahasha. Nilipunguza kingo zake kwa mkasi zikae sawa na meza, nikapasha msumari moto nikatoboa katikati, tundu nikalipanua lisikate uzi. Clotilda, sijapata kushona kwa raha kama siku zile nne. Mfarishi ulikuwa unaniponyoka mikononi. Maua yako yote yamezunguka bila sindano hata moja kukatika. Nilikuwa naimba. Mama alikaa hatua mbili kutoka kwangu na hakuona kitu, kwa kuwa mfarishi ulikuwa umefunika meza yote. Akaniambia, "Leo cherehani yako ina furaha."

Tarehe mosi tukaenda. Basi halikupatikana, tukatembea, na mama akapumzika mara mbili pale Mnazi Mmoja. Mara ya pili alijilaza kabisa kwenye majani, na wapita njia wakamzunguka. Bahasha ya kaki niliibeba mimi. Ndani nilikuwa nimetia kipande cha kadibodi, ili akiishika asihisi kwamba ni tupu. Ndiyo, nilifanya hivyo, usiusome mstari huu mara mbili.

Barua nilimkabidhi daktari kwa mikono miwili. Aliisoma kwa muda mfupi sana. "Hapa mwenzangu ameandika mstari mmoja," akasema, "kwamba niitazame picha. Picha iko wapi?" Akafungua bahasha, ikatoka kadibodi.

Mama aliitazama kadibodi, halafu akanitazama mimi. Nikasema labda picha imebaki nyumbani. Nikamwacha kwenye benchi nje, nikarudi Kariakoo mbio, nikaibandua mezani, nikaificha chini ya khanga na kurudi nayo. Kwa daktari niliingia peke yangu. Akaiinua dirishani. Mabega yapo, mbavu zipo, na katikati pana tundu la ukubwa wa kifungo cha koti, na mikwaruzo ya siku nne pande zote. Mwanga ulipita hapo ukampiga usoni. Aliniuliza tundu limetokana na nini. Nikamwambia ukweli, nilishonea. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Kivuli cha mama kilikuwa hapohapo nilipotoboa. Ukingo wake bado unaonekana, kiini chake hakipo. Kama ni maji, yanatolewa na mgonjwa anapona. Kama ni uvimbe, dawa yake ni kisu, na upesi. Kukisia hawezi, kwa sababu akikosea atamuua. Filamu za kumpiga picha nyingine hazipo, na hajui zitaingia lini. Akasema turudi mwezi wa sita. Kisha akamtazama mama kupitia mlangoni, na sikupenda alivyomtazama.

Mama hajui. Aliniuliza kama picha imepatikana, nikasema nyumbani hakuna kitu. Alikwenda akifikiri njia nzima, na tulipokatiza barabara kuingia Kariakoo akasema aliyeichukua ni Sitara, kwani nani mwingine anaingia chumbani kila siku. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilimwambia aangalie mkokoteni unaokuja.

Kesho yake Sitara alipoleta uji, mama alimwambia mbele ya wapangaji wote akaumwage, yeye hali vya mwizi. Sitara alisimama na bakuli lake. "Bibi wee," akasema, "picha ya mbavu zako mimi niipeleke wapi, niitundike sebuleni?" Wapangaji wakacheka. Nami nilicheka, Clotilda, nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu na filamu ile chini ya mikono yangu, kwa sababu nilikuwa nimeirudisha palepale. Kazi za watu zilikuwa zinangoja. Tangu siku hiyo Sitara anaacha bakuli mlangoni na kwenda zake, na mama anawamwagia kuku. Yale mashavu yamekwisha. Ukimshika mkono unashika mfupa.

Wiki iliyopita alishikwa na baridi ya homa, nikamfunika mfarishi wako. Aliyafuata maua kwa kidole, moja baada ya jingine, mpaka akafika pembeni. Akaniambia kazi hii imeteleza vizuri mno, akaniuliza nimeishonea juu ya nini. Nikamjibu, poda. Akasema poda ile niitunze. Halafu akaniamuru niuondoe mfarishi, usije ukachakaa kabla haujakufikia wewe.

Najua utasema kosa ni langu. Ni langu, na sitalitua. Lakini peke yangu sitalibeba. Ungempokea mwezi wa kwanza, picha ile ingefika mbele ya daktari wa huko ikiwa nzima. Usingenitishia kwa fundi wa huko, ningengoja siku kumi na nne tu. Ulitaka maua, umepata maua. Kila utakapolala chini yake nataka ujue yalipotoka. Nakuumiza kusudi, na naona nafuu kidogo ninapoandika, Mungu anisamehe.

Sasa nisikilize vizuri. Barua hii anakuletea Filbert, mtoto wa baba mdogo, anayeondoka leo na lori lake kuja huko. Pamoja nayo kuna bahasha ya kaki. Usiifungue mbele ya shemeji. Nenda dirishani, itoe, iinue, umtazame mama yetu. Kisha ipeleke kwa daktari wa huko kabla ya Jumamosi, aone huo ukingo uliobaki, na umwombe kwa kila cheo alichonacho Marcelino kwamba mgonjwa akifika apigwe picha nyingine siku hiyohiyo.

Maana Jumamosi mgonjwa anafika. Mama anapanda basi la asubuhi tarehe ishirini na saba. Mfarishi wako anauleta yeye. Amekataa katakata nimpe Filbert, anasema malori yana vumbi. Ataupakata mapajani mpaka Arusha, kama alivyoipakata bahasha.

Na hili lishike. Mama anaamini kwamba wewe ndiye uliyemwita. Nilichukua barua yako ya tatu, ile ya fundi wa huko, nikakaa naye kitandani nikamsomea. Wewe unajua hajui kusoma. Nikamsomea kwamba hulali kwa kumuwaza, kwamba umemtandikia chumba cha mbele, kwamba hospitali umeshazungumza nayo, na kwamba wakwe umewaambia wangoje. Alilia. Aliniomba nimsomee tena. Mara ya pili nikaongeza kwamba utakuja kumlaki stendi mwenyewe, umevaa lile gauni la buluu alilokushonea ulipokwenda sekondari, uliloachia mshono lilipoanza kukubana. Aliniuliza kama umeandika kweli kwamba bado unalo. Nikamwonyesha mstari kwa kidole. Ulikuwa mstari wa fundi.

Sitara amemkaangia maandazi ya safari. Amenipa kisirisiri, nimwambie mama kwamba nimeyapika mimi. Kuhusu Sitara nimejaribu kusema mara tatu na mdomo haukufunguka. Ukiweza wewe, mwambie mama, hata kama ni lazima unitaje. Nadhani ni lazima unitaje.

Nisalimie shemeji Marcelino, Agnesi na kaka yake Eliasi. Nisalimie Hyasinta wa kwaya kama bado mnasali pamoja. Mama mkwe wako mpe heshima zangu, na umweleze kwamba chumba cha mbele kina mtu.

Mungu amtulizie mama kifua huko njiani, awape nyie nguvu, na mimi anitendee atakavyo. Basi litaingia jioni. Gauni litakuwa limekubana. Livae.

Ni mimi dada yako, ambaye hata leo hajaacha kukupenda,

Benedikta